Sura ya Tano: Mtazamaji Akae Wapi

Mwanafunzi anayeingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sanaa za maonyesho huja na hamu moja: kuigiza. Ameshaigiza shuleni siku ya mahafali, ameshaghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi, na huenda ameshaonekana kwenye filamu moja mbili za Kibongo. Nyumbani wamemuuliza shahada hiyo itamlisha vipi, naye amejitetea kwa kutaja mwigizaji fulani wa runinga. Kisha ratiba inatoka, na pembeni ya uigizaji anakuta somo la ufundi wa jukwaa: mandhari, maleba, taa, sauti, usimamizi wa onyesho. Wengi hulipokea kama adhabu. Wanaona hawakupanda hadi Mlimani, chuo kilipo, ili waje kushika nyundo na brashi ya rangi.

Sura hii naiandika kulitetea somo hilo. Ninaamini ndilo linalomtenganisha msanii aliyesoma na mwenye kipaji asiyesoma. Tena ninaamini kwamba historia nzima ya fani hii pale Dar es Salaam, ukiifuatilia kwa makini, ni historia ya watu waliokuwa wakihangaika na swali la kifundi kabisa: mtazamaji akae wapi, na akiwa hapo amwone nani.

Uigizaji wenyewe una mahali pake, na mwaka wa kwanza huanza nao. Mwanafunzi hufundishwa kupumua. Anajifunza kuvuta pumzi ikashuka chini ya mbavu, tumbo likatanuka huku mabega yametulia, kisha kuitoa taratibu huku anasema sentensi ndefu bila kuikata. Anajifunza kufikisha sauti hadi kiti cha mwisho pasipo kupiga kelele, maana anayepiga kelele hupoteza irabu, na Kiswahili kikipoteza irabu hakisikiki tena. Anatembea kama mzee, kama askari, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani ilhali ndoo haipo. Anasoma Stanislavski, yule Mrusi aliyemtaka mwigizaji ajiulize kila mara mhusika wake anataka nini, na anasoma Brecht, Mjerumani aliyetaka mtazamaji aendelee kufikiri badala ya kuzama kwenye machozi. Vitabu vingi kati ya hivyo viko kwa Kiingereza na mitihani huandikwa kwa Kiingereza, lakini mazoezi ya jioni huenda kwa Kiswahili. Hapo kuna kazi ya ziada ambayo haimo kwenye mtaala wowote. Mwanafunzi husoma nadharia kwa lugha moja, kisha huitafutia mwili kwa lugha nyingine. Wale wanaoiweza kazi hiyo hutoka wakiwa wameielewa nadharia kuliko mtu aliyeisoma na kuitapika kwenye karatasi ya majibu.

Sasa twende karakana.

Ukuta wa jukwaani hutengenezwa kwa fremu ya mbao nyepesi iliyowambwa kitambaa cha marekani. Kitambaa kikipigiliwa tu hulegea na kupwaya, na kila mwigizaji anapopita nyumba nzima hutikisika. Dawa yake ni kukipaka gundi iliyozimuliwa kwa maji. Kikikauka hujivuta, kikakaza, kikapokea rangi vizuri. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa mkono wake mara moja hasahau, na kuanzia hapo akisoma tamthilia inayosema “sebuleni kwa Bwana Fulani” hupiga hesabu papo hapo: kuta ngapi, mlango unafungukia ndani au nje, na mlango ukifunguka, waliokaa kulia wataona nini nyuma yake.

Taa ndizo zinazofundisha zaidi. Ukimmulika mwigizaji kwa taa moja kutoka mbele yake moja kwa moja, uso hubapa, pua na mashavu hutoweka. Mwaka 1932 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Stanley McCandless, alichapisha njia ambayo bado hufundishwa: kila eneo la jukwaa limulikwe na taa mbili zinazotoka juu, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, moja ikiwa na rangi ya joto na nyingine ya ubaridi. Uso hurudi kuwa na umbo. Ni njia nzuri, lakini wa kwetu hana budi kuiongezea jambo, kwa sababu vitabu vingi vya taa na vipodozi vya jukwaani viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama nyuso nyeupe. Ngozi nyeusi hunywa mwanga mwingi zaidi. Ukuta wa nyuma ukipakwa chokaa nyeupe na kumulikwa, mtazamaji huona vivuli vikisema. Ukuta ukipakwa udongo, kahawia au kijani kilichokolea, na taa za ubavuni zikaongezwa ili zipige kwenye shavu na shingo, mtu yuleyule anaonekana hadi kope. Nimeona maonyesho mengi ya shule na vyuo yakiuawa na ukuta mweupe. Waigizaji walikuwa wazuri na maneno yalikuwa mazuri, ila hatukuziona nyuso.

Halafu kuna msimamizi wa jukwaa, mtu ambaye hadhira haimjui kabisa. Yeye hutunza nakala ya tamthilia yenye ukurasa mmoja wa maandishi na ukurasa mmoja mtupu mkabala wake. Kwenye ule mtupu huandika kila mwendo: nani anaingia wapi, anasimama wapi, taa ipi inabadilika kwenye neno lipi, ngoma inaanza lini. Huandika kwa penseli, kwa kuwa mwongozaji atabadili mawazo kesho. Siku za mazoezi kabla mandhari hayajajengwa, ndiye anayebandika utepe sakafuni kuonyesha milango na kuta ziliko. Usiku wa onyesho ndiye mwenye amri, na hata mwongozaji hana tena la kusema. Ningekuwa na uwezo, kila mwanafunzi wa uigizaji angefanya kazi hii walau mara moja kabla ya kupewa nafasi kubwa, aone jinsi mwigizaji mmoja aliyechelewa kuingia anavyowavuruga watu kumi waliosimama gizani wakimsubiri.

Nieleze kwa mfano mmoja jinsi ufundi huu unavyogusa maana yenyewe ya mchezo. Mwaka 1982 ilitoka tamthilia ya Penina Muhando, *Nguzo Mama*. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na Bi Msimulizi anatusimulia jinsi juhudi zao zinavyokwama. Fundi wa jukwaa akipewa mchezo huu ana tatizo mikononi: hiyo nguzo ni ya nini? Akileta gogo la kweli, mazoezi hayatamaliza wiki bila mtu kuumia. Akileta boksi lililopakwa rangi, hadhira itacheka. Njia inayofanya kazi ni nguzo nene kwa macho na nyepesi kwa mkono, yaani fremu ya mbao au mianzi iliyovishwa kitambaa na kukandikwa karatasi na gundi. Lakini uzito utoke wapi? Utoke kwa waigizaji. Wanapaswa kuinama magoti yakiwa yamekunjika, migongo ikaze, pumzi isikike, na mtu mmoja akiachia upande wake, wote wengine wayumbe kwa pamoja. Hapo somo la pumzi la mwaka wa kwanza na somo la gundi la karakana hukutana. Na hapo mwanafunzi hugundua alichokusudia mwandishi: mzigo ule unatokana na jinsi wanawake hawa walivyosimama wao kwa wao, na mtazamaji anauona kwenye migongo yao kabla Bi Msimulizi hajasema neno.

*Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ina tatizo la aina nyingine. Ilichapishwa mwaka 1969, wakati ambao pale chuoni wanahistoria na wanafunzi wao walikuwa wametoka kukusanya simulizi za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kutoka kwa wazee. Simulizi zinasema mganga Kinjeketile wa Ngarambe alizama majini na kutoka siku ya pili yake. Utauonyesha vipi mto kwenye sakafu ya mbao? Wapo wanaotandaza kaniki, watu wawili wakaishika huku na huku na kuipepea, na mwigizaji akapita chini yake. Inapendeza. Ila wanaoijua kazi hii wanajua kwamba kitambaa ni msaada tu. Hadhira huamini mto kwa sababu umati wa wanakijiji jukwaani umeuangalia. Wote wakitazama sehemu moja, kwa kina kilekile, mto upo. Mmoja akitupa jicho kwa jamaa yake aliyeketi mstari wa pili, mto umekauka.

Kutazama huku ndiko kulikoisumbua idara ya fani hii tangu ianze. Sanaa za maonyesho ziliingia pale chuoni katika miaka ya 1960, na ukumbi uliokuwa kichwani mwa kila msomi wakati huo ulikuwa ule wa Kiingereza: pazia linafunguliwa, waigizaji wako kwenye mwanga, watazamaji wako gizani, kimya, wanatazama upande mmoja. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ametafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963 na *The Merchant of Venice* mwaka 1969, na tafsiri zile zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mazungumzo mazito ya jukwaani. Lakini Azimio la Arusha la 1967 lilileta deni jingine. Vijana waliokuwa wakisoma kwa kodi ya mkulima walijiuliza mkulima huyo atauona lini mchezo wao, na akiuona, kama atakubali kukaa gizani kimya.

Hawezi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye hadithi za bibi au kwenye ngoma ya mavuno anajua kwamba mtazamaji wa kwetu huitikia, hupiga makofi, hujibu, huingia uwanjani. Penina Muhando, ambaye baadaye aliandika pia kwa jina la Penina Mlama, alikwenda kuichunguza jadi hiyo kwa utafiti wa shahada yake ya uzamivu, uliokamilika mwaka 1983, kuhusu sanaa za maonyesho za Wakaguru na jinsi zilivyokuwa shule ya kuwalea vijana. Ebrahim Hussein alikwenda Berlin, akaandika tasnifu kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki na kuhitimu mwaka 1975. Amandina Lihamba alisomea Leeds, akaandika kuhusu siasa na tamthilia nchini baada ya Azimio. Msimulizi akarudi jukwaani, na kiitikio pia. Kundi la Paukwa, lililowakusanya walimu na wahitimu wa idara, likacheza tamthilia ya *Ayubu* kwa mtindo wa usimulizi, na kuanzia hapo ikawa vigumu kwa mtu wa Mlimani kuandika tamthilia bila kujiuliza watazamaji wataitikia wapi.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa kutoka nje ya chuo kabisa. Kuanzia mwaka 1982, Mlama, Lihamba na mwenzao Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikaa, wakauliza, wakasikiliza, na wanakijiji wakataja matatizo yao. Lililojitokeza kwa nguvu lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Vijana wa Malya wakatunga wenyewe, kwa ngoma na maigizo wanayoyajua, wakaonyesha, na baada ya onyesho watu wazima wakajadili mbele ya vijana hao hao. Njia hiyo huitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Leo hufundishwa darasani, na mashirika mengi yameichukua, mengine vibaya sana, kwa kumpa msanii posho na ujumbe uliokwisha kuandikwa Dar es Salaam.

Kifundi, kijijini hakuna ukumbi, na ndiyo maana ufundi unahitajika zaidi huko. Watu hufanya duara. Kwenye duara mwigizaji hana nyuma. Popote anaposimama amempa mtu mgongo. Lazima ageuke kila baada ya sentensi chache, na ageuke kwa sababu inayoeleweka: anamfuata mtu, anakataa kuangaliwa, anaita kuku. Hana taa, ana jua. Hana pazia, kwa hiyo kuingia na kutoka kwake kunaonekana tangu anapoinuka kwenye mkeka. Kubwa kuliko yote, nusu ya watazamaji inaitazama nusu nyingine. Kwenye ukumbi wa Kiingereza baba anaweza kucheka gizani pale mwalimu anapomrubuni mwanafunzi, na asijulikane. Kwenye duara anacheka mbele ya jirani yake, mbele ya shemeji yake, mbele ya binti yake. Anamwona mwenzake hakucheka. Mjadala baada ya onyesho hauhitaji tena kusukumwa na mtu, kwani umeshaanza kwenye macho. Kama kuna jambo moja ninalotaka msomaji wa sura hii alichukue kuhusu ufundi wa jukwaa, ni hili: mpangilio wa viti na mikeka unaweza kufanya kazi ambayo kurasa kumi za mazungumzo haziwezi.

Majirani zetu wa Kenya walilipia jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, wanakijiji walicheza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Ukumbi waliujenga wenyewe. Walianza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini, kisha wakatengeneza kielelezo kidogo, ndipo wakajenga ukumbi wenyewe: jukwaa la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, mabenchi marefu ya mbao yaliyopandana mithili ya ngazi, na juu hakuna paa. Jukwaa na mabenchi vilikaribia kuwa kitu kimoja, watu wakipita huku na huku. Hata mazoezi yalifanywa hadharani, na wapita njia waliwasahihisha waigizaji kuhusu namna kibarua anavyomsalimia tajiri wake. Serikali ilipiga marufuku maonyesho hayo Novemba mwaka huo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini Desemba. Mwaka 1982, walipotaka kurudi jukwaani, polisi waliubomoa ukumbi ule kabisa. Huwa nawasomea wanafunzi habari hii wanaponiambia kwamba kujenga mandhari ni kazi ya mafundi seremala. Dola haikuridhika kuzuia maneno, ikaja na kung'oa mabenchi.

Mtu anayetaka kufanya kazi hii kwa mikono zaidi kuliko kuiandikia tasnifu ana njia ya Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981 na leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Ngoma, muziki, sarakasi, uchoraji na maigizo hufundishwa kwa pamoja, na mwanafunzi hutumia muda mwingi akifanya mazoezi. Wapo wanaosema mhitimu wa Bagamoyo anajua kufanya na wa Mlimani anajua kueleza. Mgawanyo huo siupendi. Mto wa kaniki na nguzo ya mianzi vinamhitaji mtu anayeweza yote mawili.

Na ajira? Wazazi wanauliza kwa haki. Wahitimu wengine huingia kwenye filamu na tamthilia za runinga, wengine redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, na uliendelea kwa miaka mingi ukisikilizwa hadi vijijini. Redioni fundi hana mbao wala taa. Anajenga nyumba kwa bawaba inayolia, kwa jogoo wa mbali, kwa sauti ya mtu anayesogea karibu na maikrofoni anapotaka kusema siri. Ni ufundi uleule wa kumweka mtu mahali, safari hii mahali pa sikio.

Kazi nyingine, na mimi ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, ni ya shule za sekondari. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari huchambua matatizo yanayowarudisha nyuma shuleni, wakayatungia maigizo na kuyaonyesha mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao. Shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, likauchukua na kuupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Ukiangalia kwa makini, ni duara la Malya likiwa limehamia uwanja wa shule: mwalimu mkuu anakaa mahali ambapo kila msichana anamwona anavyopokea anachoambiwa.

Mhitimu anayepangiwa shule ya namna hiyo hatakuta ukumbi wenye pazia. Atakuta bwalo lenye mwangwi, au uwanja wa gwaride na mwembe mmoja. Afanye kazi aliyofundishwa. Afike siku moja kabla, saa kumi alasiri, saa ambayo onyesho litachezwa, aone jua liko wapi. Watazamaji walipe mgongo, limulike nyuso za waigizaji. Asikilize upepo unatoka wapi, kwa maana sauti ikisafiri na upepo hufika, na ikienda kinyume nao mstari wa tatu hausikii. Meza kuu iliyopangwa mbele kabisa, yenye kitambaa na maua ya plastiki, aombe kwa adabu isogezwe pembeni. Wageni wakae kwenye ukingo wa duara pamoja na wazazi, na wanafunzi wadogo wakae chini mbele yao. Mwalimu wa zamu huenda akakataa mara ya kwanza. Amweleze sababu na kumchorea mchangani kila mtu atakapokaa.